Kushindwa si kukataa

Hapa Kakuma mtu akirudi kutoka mahakamani bila kwenda jela, tunasema "ameachiliwa". Mimi naona neno hilo linatudanganya. Mtu wa probesheni hajaachiliwa. Ameahidi.

Sheria ya Kenya iko wazi. Kabla ya kumpa mtu probesheni, ya miezi 6 hadi miaka 3, hakimu lazima amweleze masharti kwa lugha rahisi, na mwenyewe akubali. Akiyavunja, mahakama inaweza kumwita au kutoa hati akamatwe. Ikiridhika kwamba ameyavunja, inaweza kumtoza faini na kumwacha aendelee, au kumhukumu kwa kosa lile la kwanza.

Sasa, aliyekosa siku ya kuripoti, ni mwongo? Majirani hujibu haraka: "Si alikubali mwenyewe?" Ndiyo, alikubali. Lakini kuna kukataa na kuna kushindwa. Anayemkimbia afisa wa probesheni amekataa. Aliyelazwa hospitalini, au aliyesomewa masharti kwa lugha asiyoijua, huyo ameshindwa. Ukiwaadhibu sawasawa, unaadhibu shida, si kosa.

Hata Marekani, ambako wengi wetu tulikuwa tunangoja kupelekwa, swali hili lilifika mahakama ya juu kabisa. Bearden, wa jimbo la Georgia, alipewa probesheni na kutakiwa alipe dola 750. Alikopa kwa wazazi wake, akalipa 200, kisha kazi ikaisha. Hakujua kusoma, na kazi nyingine hakupata. Probesheni ikafutwa, akapewa kifungo. Mwaka 1983 majaji wakaamua: kwanza aulizwe kwa nini hakulipa. Kama alijitahidi kweli akakosa, itazamwe kama adhabu nyingine inatosha kabla ya kumfunga.

Mimi nasema walisema haki. Ila kushindwa nako kuna wajibu wake: kusema mapema. Ndugu yangu, ukiona siku itakupita, mpelekee afisa habari kabla haijapita, na karatasi ya hospitali uitunze. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnapompangia mtu siku ya posho au ya mahojiano, muulizeni kama siku hiyo anatakiwa kuripoti. Hakimu haoni moyo wa mtu. Aliyeshindwa akinyamaza, mbele yake anafanana kabisa na aliyekataa.