Lawama Haina Mahali Ndani ya Mashine

Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Methali hii ni kongwe kuliko umeme, lakini haijapata kuwa na kazi nyingi kama iliyo nayo katika zama zetu. Zamani mtu aliyekosea alisingizia mvua, njia au jirani. Leo amepata wa kumsingizia ambaye hajibu wala hakasiriki, nayo ni kompyuta, ambayo shuleni huitwa pia tarakilishi. Swali la insha hii ni fupi: je, mashine yaweza kubeba lawama?

Siku moja ya mvua, mwaka 2024, nilikuwa nimekaa katika ofisi moja mjini Kakamega nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alisimama mama aliyetoka upande wa Shinyalu, pamoja na binti yake aliyevaa sare ya shule. Walikuja kuuliza habari za msaada wa karo. Karani, kijana mwenye adabu na mwepesi wa vidole, aliandika jina, akatazama kioo cha mashine, akasema, "Mama, kompyuta imemkataa."

"Imemkataa kwa nini, mwanangu?"

"Haisemi, mama. Imemkataa tu."

Mama hakubisha. Nani atabishana na kitu kisicho na uso? Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu, na binti alikuwa amekaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa karo.

Ili tujue kama neno la karani lilikuwa la haki, hatuna budi kwanza kujua mashine ile ni kitu gani. Kompyuta, iwe kubwa kama kabati au ndogo kama simu ya mkononi, ina sehemu tano za msingi. Ya kwanza hupokea, kama kibodi. Ya pili ni kumbukumbu, ambamo mambo yaliyopokewa huwekwa. Ya tatu hufanya hesabu na kulinganisha kitu na kitu. Ya nne huongoza: huchukua agizo moja kutoka katika kumbukumbu, hulifasiri, hulipitisha litekelezwe, kisha huchukua linalofuata. Ya tano hutoa jibu, kwenye kioo au karatasi. Sehemu ya tatu na ya nne hukaa pamoja katika kipande kidogo kiitwacho prosesa. Mpango huu ulielezwa mwaka 1945 katika taarifa ya John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, kutokana na kazi iliyofanywa Marekani pamoja na J. Presper Eckert na John Mauchly. Tarehe 21 Juni 1948, mjini Manchester, Uingereza, kompyuta ndogo ilitekeleza kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake yenyewe.

Siri kubwa ya mpango huo ni kwamba maagizo na habari hukaa katika kumbukumbu moja, na vyote huandikwa kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Tazama safu hii: 01000001. Ikisomwa kama hesabu, ni 65. Ikisomwa kama maandishi, ni herufi A. Katika aina kadhaa za mashine ni agizo la kufanya kazi fulani. Safu yenyewe haisemi ni ipi kati ya hizo. Maana yake hutoka kwa wanadamu waliokubaliana jinsi ya kuisoma. Kumbukumbu hupokea uongo kwa utulivu ule ule inaopokea ukweli. Kinu cha sokoni nacho husaga mahindi ya mwizi na ya mwenye shamba kwa ulaini mmoja.

Turudi ofisini. Afisa mmoja mzee aliyekuwa akipita alisimama, akaomba faili. Katika fomu, mama alikuwa ameandika kwamba binti yake alizaliwa mwaka 2009. Katika mashine palikuwa na 2019. Mashine ilitoa 2019 katika 2024, ikapata miaka 5, ikailinganisha na kanuni iliyopewa, ikaona kwamba mtoto wa umri huo hawezi kuwa katika kidato cha pili. Hesabu ilikuwa sahihi, kanuni ilikuwa ya busara, na jibu lilikuwa dhuluma. Wakati wote huo msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa karani. Prosesa haikuwa na jicho la kumwona. Karani alikuwa nalo.

Simlaumu kwa kidole kilichoteleza, maana hapana kidole kisichoteleza. Namlaumu kwa kuacha kutazama. Alikipa kioo kazi ambayo kioo hakiwezi kuifanya, yaani kumhurumia mtu na kutilia shaka jibu.

Wako watakaosema kwamba wakati mwingine mashine yenyewe hukosea. Ni kweli. Mwaka 1994 iligunduliwa kuwa prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya, kwa sababu nambari chache ziliachwa katika jedwali lililomo ndani yake. Lakini nani aliyeziacha? Ni watu. Na nani aliyelipa? Si prosesa, ni kampuni, iliyotenga dola milioni 475 kwa hasara hiyo. Ukifuata njia ya kosa lolote la mashine mpaka mwisho wake, utamkuta mtu: aliyeichora, aliyeiagiza, aliyeilisha habari, au aliyeliamini jibu lake bila kuuliza. Wingi wa watu hao haufuti dhamana, huigawa tu.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeitambua hatari hii. Inampa mtu haki ya kutaka habari za uongo zinazomhusu zisahihishwe na, ingawa kwa masharti yake, haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Lakini haki isiyojulikana ni kama taa iliyofunikwa. Yule mama hakuijua.

Mjini Kakamega kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambako vijana husomea elimu ya kompyuta. Huenda wewe, msomaji, ukawa mmoja wao, au ukakaa siku moja mbele ya kioo kama cha karani yule. Jifunze sehemu zote tano za mashine kwa bidii. Kisha kumbuka kwamba dhamiri si mojawapo. Lazima uende nayo kazini mwenyewe.

Kosa lilisahihishwa kwa dakika moja. Yule mzee alimgeukia karani, akasema kwa upole, "Mwanangu, mashine haijui kuomba radhi. Omba wewe." Kijana akasimama, akamtazama mama usoni kwa mara ya kwanza, akaomba.