Je, Ni Upendo Kumfanyia Mgonjwa Kila Jambo?

Mtu akipooza upande mmoja wa mwili hapa kwetu Ngara au Biharamulo, haachwi peke yake. Mke humlisha, watoto humvika nguo, jirani huja kumtoa nje apate jua. Desturi hii ni njema, wala sina neno la kuilaumu. Lakini liko swali ambalo wazee wa usharika na walimu hawana budi kulipima: je, tukimfanyia mgonjwa mambo yote, hata yale ambayo mkono wake mzima waweza kujifunza, twampenda yeye, au twaipenda haraka yetu?

Swali hili ni msingi wa kazi ya wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao hufundishwa huko Moshi katika hospitali ya KCMC. Hawa hawagawi dawa. Humfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, kupika, kulima. Wala hawamtwishi kazi nzima mara moja, bali huikata vipande vipande. Katika kuvaa shati, mkono uliolegea hutangulia kuingia. Wakati wa kuvua, ule wenye nguvu hutangulia kutoka. Pengine msaidizi hufanya yote, akamwachia mgonjwa hatua ya mwisho tu. Akiiweza, humwachia mbili. Hivyo kila siku mgonjwa ndiye amalizaye kazi. Na mahali ambapo mwili hauwezi, chombo hubadilishwa: mpini wa kijiko huzungushiwa kitambaa upate unene wa kushikika, ubao hupigiliwa misumari, ndizi ikachomekwa hapo na kumenywa kwa mkono mmoja. (Ubao huo seremala yeyote wa Rulenge aweza kuutengeneza kabla ya adhuhuri.) Mwenye ukoma asiyehisi moto vidoleni huzoezwa kuyatumia macho yake kwanza, ndipo ashike sufuria.

Wazo hili si geni kanisani. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeshika uongozi wa Bethel, Ujerumani, mwaka 1872, aliwapa wagonjwa wa kifafa kazi za shamba na za karakana, kwa kuwa hakutaka waishi kwa sadaka tu. Wamisionari wa Bethel ndio waliofika Bukoba mwaka 1910. Na huko Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani ikawa baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi ya mikono ikawa sehemu ya matibabu yao.

Lakini hapo pana hatari. Mgonjwa akipewa jembe kwa sababu shamba la hospitali limejaa magugu, hiyo si tiba, ni kibarua kisicho na ujira. Na tuulize: je, ujuzi huu atarudi nao nyumbani kwake, umfae?

Tena iko heshima. Mzee wa Bugufi hapendi wajukuu wamwone akihangaika na kifungo cha shati. Akikataa, tumlazimishe? Mimi naona sivyo. Na ajifunze faraghani, mlango umefungwa, tena kwanza aulizwe ni kazi ipi aitamaniyo. Mmoja atasema kuvaa. Mwingine atataka kukishika mwenyewe kikombe cha Meza ya Bwana. Mama wa nyumbani huenda akasema kumenya ndizi za watoto wake. Basi aanze na hizo, hata kama siku hiyo chakula kitachelewa kuiva.