Penye Nia Pana Njia, na Penye Lango Je?

Katika simu za vijana wengi wa Dzaleka utakuta sauti za wahamasishaji kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Ni video fupi za dakika mbili au tatu. Hutumwa usiku kwenye makundi ya WhatsApp, na asubuhi watu huzijadili kwenye foleni ya maji. Zinasema jambo moja kwa sauti tofauti: umaskini unaanzia kichwani, badili fikra utabadili maisha, anayelalamika ameshashindwa. Nataka kuuliza swali ambalo ni la falsafa na pia ni la kila siku hapa kwetu. Je, ni haki kumwambia maneno hayo mtu ambaye sheria imemzuia kufanya kazi? Siulizi kama maneno hayo yanapendeza, maana yanapendeza. Nauliza kama ni ya kweli, na kama ni ya kweli nusu tu, msemaji ana wajibu gani kwa anayemsikiliza.

Kwa msomaji asiyeijua Dzaleka: kambi hii iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumepita 50,000, wengi wetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini haikuvikubali vifungu kadhaa bila masharti. Miongoni mwake vimo kifungu cha kazi ya kuajiriwa na kile cha uhuru wa kwenda utakako. Kwa hiyo mkimbizi hutakiwa kuishi kambini. Kwa miaka mingi jambo hilo halikusimamiwa kwa ukali, na wengi walifungua maduka Lilongwe na kwingineko. Mwezi Machi 2023 serikali ikatangaza kwamba wote wawe wamerudi kambini ifikapo tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei msako ukaanza. Sisemi haya kuisimanga nchi iliyotupokea. Malawi ina shida zake, na wakati wa vita vya Msumbiji iliwahifadhi Wamsumbiji zaidi ya milioni moja. Nasema ili ijulikane tunayasikilizia wapi mafundisho haya.

Mmoja wa wanaosikilizwa sana ni Eric Shigongo wa Tanzania. Maisha yake yenyewe ni hotuba: mtu aliyeanza na elimu ya darasa la saba, akaandika hadithi zilizosomwa kwenye daladala na vibandani, akajenga kampuni ya magazeti ya Global Publishers, kisha akawa anawafundisha wengine jinsi ya kutoka kwenye ufukara. Siwezi kumdharau mtu wa namna hiyo. Lakini mwaka 2020 aligombea ubunge wa Buchosa akachaguliwa, na hapo ndipo ninapopata jambo la kufikiri. Mtu hagombei ubunge kama anaamini kwamba kila kitu kinaanzia na kuishia kichwani mwa mtu mmoja mmoja. Anagombea kwa sababu kuna barabara, shule na sheria, na vitu hivyo havibadiliki kwa fikra za mwanakijiji aliyeamka mapema. Maisha ya mhamasishaji yanajua zaidi ya kaulimbiu zake.

Jambo hili si geni. Kitabu kilichoipa aina hii ya mafundisho jina lake, Self-Help, kilitolewa Uingereza mwaka 1859 na Samuel Smiles, daktari wa Kiskoti. Kilitokana na mazungumzo yake na vijana wafanyakazi wa mji wa Leeds, ambao walikuwa wameanzisha wenyewe darasa la jioni ili wafundishane. Tazama: hata mwanzo wa “jisaidie mwenyewe” ulikuwa ni watu kusaidiana. Na Smiles huyohuyo, kabla ya kitabu, alikuwa mhariri wa gazeti la Leeds Times akidai Bunge lifanyiwe mageuzi.

Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta Epictetus, ambaye wahamasishaji wengi wamechukua chake bila kumtaja. Alizaliwa mtumwa katika dola ya Kirumi, na baadaye, mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafundisha huko. Kwa lugha yetu ya leo alikuwa mtu aliyehamishwa kwa nguvu. Fundisho lake kuu ni kwamba yapo yaliyo katika uwezo wetu, kama hukumu zetu na nia zetu, na yapo yasiyo katika uwezo wetu, kama mwili, mali, cheo na sifa. Wenzetu wa kwenye video wamechukua nusu ya kwanza. Nusu ya pili wameiacha, kisha wakaongeza ambalo mwalimu hakulisema kamwe: kwamba ukiitawala nia yako, mali nayo itakuja. Epictetus alimwahidi mtumwa utulivu wa moyo. Hakumwahidi gari.

Lugha yetu nayo haikubaki na nusu moja. Wazee walisema penye nia pana njia, wakasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini walisema pia jitihada haiondoi kudura. Anayejua methali ya kwanza peke yake hajafundwa.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma katika suala hili. Mfikirie mama aliyefuata mafundisho yote. Aliamka saa kumi alfajiri, aliweka akiba kwacha kwa kwacha, hakukaa na walalamishi, akafungua kibanda cha nguo Lilongwe, na biashara ikakubali. Halafu likaja tangazo, akapakia alichoweza kwenye minibasi, vingine akauza kwa bei ya kutupa, akarudi Dzaleka. Jioni anafungua simu na kukutana na sauti ileile: hali yako ya leo ni matokeo ya fikra zako za jana. Kwake yeye maneno hayo ni uongo mtupu. Tena ni uongo wenye madhara, kwa sababu unachukua jambo lililoamuliwa ofisini na kulifanya aibu ya mtu binafsi. Fundisho lisemalo kwamba ukishinda ni juhudi yako halina budi kusema kwamba ukishindwa ni uzembe wako. Halina neno jingine la kumwambia aliyejitahidi akaangushwa.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga kwa nguvu tulipojadili jambo hili. Alisema: wewe una anasa ya kuchambua, lakini kijana aliyekaa miaka kumi bila kazi anahitaji kitu cha kumwamsha asubuhi, na ukimwambia kwamba lango limefungwa, atalala. Hoja hii nzito, na sehemu yake naikubali. Nimeona watu waliokufa moyo kabla ya kufa mwili. Nimeona pia vijana waliojifunza kompyuta au kinyozi kwa sababu tu kuna mtu aliwaambia wanaweza. Tumaini ni chakula. Lakini hoja ya mwenzangu inadhani kwamba mtu akiambiwa ukweli wote atalala, na hapo ananidharau mimi na jirani zangu. Watu wa kambini hawahitaji kufichwa habari za lango. Wanapita mbele yake kila siku. Wanachohitaji ni mtu atakayesema: hili liko mikononi mwako, lishike; lile haliko mikononi mwako peke yako, tulishike pamoja.

Mtu wa namna hiyo tunaye, na hakutoka mbali. Innocent Magambi alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kongo, kwa wazazi waliotoka Burundi. Aliishi katika kambi mbalimbali, ikiwemo Dzaleka. Kisha akapata nafasi ya kusoma African Bible College, Lilongwe. Mwaka 2006 alianzisha shirika la There is Hope, ambalo limewasomesha wakimbizi na Wamalawi wa vijiji vya jirani na kuwafundisha ufundi. Maisha yake ameyasimulia katika kitabu cha Kiingereza, Refugee for Life.

Ukitaka, unaweza kuyakata maisha hayo yakawa video ya dakika mbili: kutoka hemani hadi mkurugenzi, kwa nguvu ya nia. Nia ilikuwepo, nani atakataa? Lakini angalia vilivyomo katikati. Kulikuwa na chuo kilichokubali kumpokea mkimbizi. Na angalia alichofanya baadaye. Hakubaki kuwaambia vijana waote ndoto kubwa zaidi. Alitafuta ada zao. Kisha akaanzisha Inua Advocacy, shirika linalotetea haki za wakimbizi mbele ya serikali, na amri ya 2023 ilipotoka alikuwa miongoni mwa waliosema hadharani. Yaani mtu ambaye jina la shirika lake la kwanza lilikuwa tumaini, la pili alilielekeza kwenye sheria. Sioni kwamba aliacha jambo moja akaenda kwa jingine. Naona alikuwa anamaliza sentensi.

Kwa hiyo wajibu wa msemaji, kwa maoni yangu, ni wajibu wa shahidi. Shahidi mahakamani haapi kusema lililo zuri, wala linalotia moyo. Anaapa kusema kweli yote. Mhamasishaji anayesimulia alivyolala njaa, halafu anaruka hadi siku aliyonunua nyumba, bila kumtaja mjomba aliyemkopesha mtaji, mwalimu aliyemlipia mtihani, au ofisa aliyempa leseni, amepunguza ushahidi. Hata kama kila neno alilosema ni kweli, msikilizaji ataondoka na hesabu isiyokamilika na kuanza kujenga juu yake. Wengine watasema hilo ni kosa dogo la usimulizi. Kwa mtu mwenye mtaji wa pili wa kujaribia, labda.

Wahamasishaji huja pia kambini kwetu, hasa shuleni wakati wa mitihani inapokaribia, nao hupewa kipaza sauti na soda. Huzungumza, tunapiga makofi, kisha mwalimu huuliza kama kuna mwenye swali, na kwa kawaida mtoto mmoja husimama na kuuliza afanye nini ili afaulu kama mgeni. Ningependa safari moja asimame mwingine amuulize kwa adabu: “Shikamoo. Ile barua ya kwanza iliyokufungulia mlango, nani aliisaini?” Kisha tumpe muda ajibu, hata kama soda itapoteza ubaridi.