Kulitazama Wingu Bila Kulidai Mvua

Mwezi wa tatu ukifika, Kitale nzima hutazama juu. Mashamba yamelimwa, mbegu imenunuliwa, mbolea imepangwa kwenye kona ya nyumba, na kila anayetoka mlangoni asubuhi huinua uso angani kabla hajamsalimu mtu. Bungoma ni vivyo hivyo. Tukishapanda tunaendelea kutazama hadi mahindi yatoe mbelewele. Kisha mwezi wa kumi na moja, mahindi yakiwa yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, tunatazama tena, safari hii tukiomba mvua isinyeshe. Mwaka mzima macho yetu yako mawinguni, na mwaka mzima tunayadai mawingu kitu.

Sina ugomvi na kudai huko. Mahindi ndiyo yaliyonilipia karo. Ila nataka kuitetea namna nyingine ya kutazama: kulitazama wingu kwa kuwa lipo, ukajua ni la aina gani, limeanzaje na linaelekea kuwa nini, hata lisipokudondoshea tone. Hii ni starehe isiyo na kiingilio, na sisi tunaoishi kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani tumejaliwa sehemu kubwa ya starehe hiyo.

Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo tulivyofunzwa. Sawa, lakini mawingu yapi? Kukhu, mama yake baba, aliyelima Kimilili maisha yake yote, alikuwa na jibu. Tulipochoka na palizi tulimwonyesha wingu lolote lililopita, tukitumaini atasema turudi nyumbani. "Kukhu, mvua si hiyo inakuja?" Naye alitupa jicho moja tu. "Hilo lina tumbo jeupe, wajukuu wangu. Shikeni majembe."

Miaka mingi baadaye nilikuja kuelewa kwamba jicho lake lilikuwa likipima unene. Wingu jembamba hupitisha mwanga wa jua, kwa hiyo chini huonekana jeupe. Wingu nene, lenye maji mengi na kimo kirefu, huuzuia mwanga huo, na tumbo lake huwa jeusi. Kukhu hakuwahi kuingia darasani, na sikumbuki siku aliyokosea.

Anza na mawingu ya saa nne asubuhi, maana hayo ndiyo rahisi kuyazoea. Jua limekausha umande, udongo umepata joto, na hewa iliyo juu yake inaanza kupanda. Ikipanda inapoa, karibu nyuzi kumi kwa kila kilomita, mpaka ifike mahali ambapo mvuke uliomo hauwezi kubaki mvuke. Hapo unageuka vitone, na wingu linazaliwa. Ndiyo maana mawingu hayo, ambayo wataalamu huyaita kumulasi, huwa na tumbo bapa, na matumbo yao yote hukaa katika kimo kimoja. Chini ya kimo hicho mvuke upo lakini hauonekani. Juu yake umegeuka vitone, navyo vinaonekana. Tangu nilipolijua jambo hilo siwezi kupita Kiminini asubuhi bila kuutafuta mpaka huo, na kila nikiuona nafurahi upya.

Tena si vitu vyepesi. Kumulasi moja ya kawaida, yenye urefu, upana na kimo cha kilomita moja, hubeba maji ya takriban tani 500. Kwa gunia letu la kilo 90, hayo ni magunia zaidi ya 5,500 yanayoelea juu ya soko la Chwele, na chini yake akina mama wanauza vitunguu bila wasiwasi. Yanaelea kwa sababu kila kitone ni kidogo mno, upana wake kama sehemu mbili za mia za milimita, na hushuka polepole sana huku hewa inayopanda ikikirudisha juu. Huhitajika vitone kama milioni moja kuungana ili lipatikane tone moja la mvua.

Mchana kazi hubadilika. Upepo kutoka Ziwa Victoria husukuma hewa yenye unyevu kuelekea nyanda za juu, na hewa hiyo ikikutana na upepo wa mashariki au ikigonga mteremko, haina njia ila kupanda. Elgon ina kimo cha mita 4,321. Saa sita hivi mlima umekwisha kujifunika kilele, na ng'ambo ya pili Cherangani nazo zimeanza. Sasa chagua wingu moja tu, usiliache. Utaona vichwa vyake vikivimba na kupasuka, kingo zikiwa kali, kila kichwa kikikipita kile kilichotangulia. Watu wengi hawajui kwamba mwendo huo unaonekana kwa macho. Unaonekana, mradi uvumilie dakika tano bila kushika simu.

Halafu kingo za juu zinalegea. Pale palipokuwa na vichwa vyenye umbo kamili panakuwa na utando laini, kwa kuwa vitone vya juu vimegeuka barafu. Kilele kikifika kwenye dari la anga la chini, hewa haipandi tena, basi wingu linatambaa pembeni na kupata umbo la fuawe ya mhunzi. Hilo sasa ni kumulonimbasi, mfalme wa mawingu yote. Katika nchi za joto kama yetu hupita kilomita 15 kwenda juu, wakati ndege za abiria husafiri kwenye kilomita 11 hivi. Ndilo lenye radi, na ndilo linaloleta mvua ya mawe inayochana majani ya mahindi. Kericho na Nandi Hills, jirani zetu, zinatajwa katika vitabu vya hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

Majina haya ya kigeni yana historia inayonigusa. Yalitoka kwa Luke Howard, mfamasia wa London, aliyeyatoa katika mhadhara mwezi Desemba 1802. Mwaka huohuo Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck naye alipendekeza majina ya mawingu kwa Kifaransa, lakini hayakushika. Ya Howard yalikuwa ya Kilatini na yakaenea. Atlasi ya kwanza ya kimataifa ya mawingu ikachapishwa mwaka 1896, na leo aina kuu ni kumi. Kinachonigusa ni kwamba hakuna aliyemwajiri Howard kutazama mawingu. Kazi yake ilikuwa dawa. Aliyatazama kwa kuyapenda, na dunia nzima ikafaidika na mapenzi yale.

Kwetu pia anga imesomwa siku nyingi. Bungoma mtu huubeba msimu katika jina lake: Wafula na Nafula wa wakati wa mvua, Wanyonyi na Nanyonyi wa palizi, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi. Na kusini kidogo, Bunyore katika kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa kutabiri mvua, kwa kutazama miti, wadudu na upepo. Wazee wake wameketi meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kulinganisha utabiri wa msimu. Mimi huona huo ni mfano wa heshima ambao taasisi zetu nyingine zingeuiga.

Nina dada anayeishi Bungoma mjini, nami naishi Kitale. Ukichora ramani utaona jambo zuri: kutoka kwake Elgon iko kaskazini kabisa, kutoka kwangu iko magharibi, na sote wawili tuko kama kilomita 50 au 60 kutoka kileleni. Zamani simu zetu zilikuwa za haja tupu. Karo, mbolea, michango ya matanga, nani amelazwa, nani hajatuma pesa. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu moyo unaanza kupiga hesabu, na nadhani wake pia.

Jioni moja ya mwezi wa nne alipiga, na kabla hajasema haja yake akauliza, "Kaka, unaliona hilo lililokaa juu ya mlima?" Nilitoka nje. Mimi nililiona jeusi tii, jua likiwa limezama nyuma yake, kingo zote zikiwaka. "Jeusi?" akasema. "Kwangu upande wa kushoto ni rangi ya waridi mpaka juu, na kulia ni buluu." Lilikuwa wingu lilelile moja. Tulibaki kwenye simu tukielezana hadi salio lake likaisha, na hadi leo sijui alikuwa amepiga kwa ajili ya nini.

Tangu hapo tumekuwa na mazungumzo yasiyo na deni ndani yake. Januari, mvua ikiwa imekatika na anga limekauka, hunipigia kunieleza juu ya sirasi, yale mawingu membamba ya juu kabisa yaliyochanika kama nyuzi. Hayo yote ni chembe za barafu. Bungoma watu wanatoka jasho, na kilomita kumi juu ya vichwa vyao kuna barafu inayopeperushwa na upepo; jambo hilo halijawahi kunichosha. Utando wa barafu ukienea mwembamba na kulifunika jua, hutokea duara la mwanga kulizunguka. Wapo wanaoliogopa duara hilo na kulitafsiri kuwa ni habari ya msiba. Ni mwanga tu unaopinda ndani ya barafu, na ni mzuri.

Mahusiano yetu mengi, si na mawingu tu, yamekuwa ya kudai. Tunamtazama mwana tukimtafutia alama za mtihani, tunamtazama jirani tukipima atatufaa vipi, tunautazama mlima tukihesabu mbao na makaa. Lakini Elgon na Cherangani ni chemchemi za Mto Nzoia, unaopita Webuye na kushuka hadi Budalang'i na ziwani. Mtu aliyezoea kuliona wingu likishikwa na msitu wa mlima kila mchana hahitaji kuhubiriwa sana kwa nini msitu ule usikatwe. Ameuona ukifanya kazi.

Basi, msomaji, wiki hii tenga dakika kumi mchana, kati ya saa saba na saa tisa. Ukiwa Bungoma tazama kaskazini, ukiwa Kitale tazama magharibi. Usilikodolee jua lenyewe. Fanya kama wanavyofanya wapimaji wa kituo cha hali ya hewa: gawanya anga vipande vinane kwa macho, uhesabu vingapi vimefunikwa. Watoto huupenda mchezo huu na hubishana vizuri. Tazama tumbo la wingu ni bapa au limechakaa, jeupe au jeusi, kichwa kina kingo au kimelegea. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zisipofika thelathini, ingia ndani ya nyumba, wala usijikinge chini ya mti, kwa maana bonde hili la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani na kila mwaka radi huua watu wetu. Kisha mpigie simu mtu wako aliye upande wa pili wa mlima, umuulize kwake linaonekanaje. Siku hiyo usimwombe kitu kingine.