Mzigo Upitao na Watu Wakaao

Tukizungumza juu ya kazi kubwa za ujenzi twatazama mahali pa kazi penyewe: machimbo, daraja, reli, bwawa la umeme. Twauliza kama kazi ni imara na kama vijana wamepata mishahara. Lakini vyuma na mashine vililetwa kutoka mbali. Leo twauliza juu ya safari hiyo: apitishaye mzigo katika nchi ana wajibu gani kwa maji, miti na watu wa kando ya njia, ambao hawakumwita wala hawafanyi kazi kwake?

Sisi wa Maniema twafaa kuwa wa kwanza kuuliza. Zamani za misafara, pembe za ndovu zilitoka Kasongo kwenda pwani mabegani mwa watu, na vijiji vya njiani vilitoa chakula na wapagazi, vipende visipende. Kisha ikaja reli. Kwa kuwa maporomoko ya Lualaba yalizuia merikebu, ilitandikwa reli ya kilometa 355 kutoka Kindu hata Kongolo, ikamalizika mwaka 1910. Iliwapunguzia watu mizigo, hilo hatukatai. Lakini merikebu za moshi zilizounga safari mtoni zilikula kuni, na msitu wa kandokando ndio uliozitoa. Katika hesabu ya nauli mti haukuandikwa.

Karibu na Salamabila, huko Namoya, kampuni ya Banro ya Kanada ilijenga machimbo ya dhahabu. Januari 2016 ilitangaza kwamba uzalishaji wa biashara umeanza. Septemba 2019 ikasimamisha kazi kwa ajili ya ukosefu wa usalama. Dhahabu yenyewe ni mzigo mdogo, ndege yatosha kuichukua. Kuitoa mwambani ndiko kuhitajiko mashine nzito, mazuti, chokaa na sianidi, na hivyo vyote havisafiri kama mkufu wa bibi arusi.

Tazama sasa jinsi madhara yanavyozaliwa. Lori moja likipita wakati wa mvua huacha mfereji mdogo barabarani. La pili laukwepa na kukanyaga shamba la mihogo. Baada ya malori mia barabara imekuwa pana mara tatu, na udongo wake unashuka kijitoni wanakoteka maji akina mama. Nani amekosa? Dereva asema ametumwa. Msimamizi asema amepewa siku kumi. Karani wa mjini asema yeye huandika tani na tarehe tu. Kila mmoja asema kweli, na kijito kimechafuka vilevile.

Sisi twaona kwamba kosa lisilo na mwenyewe njiani lina mwenyewe mezani, pale mpango ulipoandikwa. Yeye aliyechagua mwezi wa safari amechagua pia hali ya kijito. Angaliweza kuvusha mizigo mizito kiangazi, ardhi ikiwa ngumu. Angaliweza kukataza malori kurudi matupu, maana lori tupu lachoma mazuti na kuvumbisha udongo bila faida ya mtu. Na shimo la kuchimbia kifusi cha barabara, likiachwa wazi, mvua hulijaza, mbu hulifanya nyumba yao, na homa ya malaria haiulizi shimo ni la nani. Kulifukia kwahitaji siku chache za kazi, iwapo siku hizo zimewekwa katika hesabu tangu mwanzo.

Wengine watajibu: nchi yetu ni maskini, tuache barabara ije kwanza, miti itaota tena. Neno hili lina uzito. Mgonjwa akwamaye njiani kuelekea hospitali hafarijiwi na uzuri wa msitu, na kuchelewesha barabara kwaweza kuua. Lakini aulizwe msemaji: mbona umaskini wetu hutajwa pale tu gharama inapotakiwa kumwangukia maskini? Mvuvi wa Luama hana mfuko wa kulipia upungufu wa samaki. Mwenye mradi anao. Huko Kenya, reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengewa mapito chini ya tuta ili tembo wa Tsavo wavuke. Si dawa ya kila kitu, kwa maana tuta lenyewe bado limeikata mbuga. Hata hivyo tembo walitajwa katika ramani. Hatuoni kwa nini mwanamke wa Kabambare na ndoo yake asitajwe.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba madhara kwa mazingira yachunguzwe tangu mwanzo, si baada ya mpango wa biashara kukamilika. Sheria ya nchi yetu haiko mbali na hapo. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira yadai uchunguzi kabla ya mradi mkubwa kuanza, na yataka wananchi waulizwe kwanza. Maandishi ya uchunguzi huwa ya Kifaransa, tena kurasa nyingi, na mzee wa kijiji hupewa mahali pa kutia sahihi. Katika parokia zetu hawakosekani walimu wa kumsomea, ukurasa kwa ukurasa, hasa zile kurasa zenye ramani ya njia na majina ya vijito, kabla hajashika kalamu.