Umm Ayman: Mlezi, Mama na Bibi

Umm Ayman, ambaye jina lake ni Baraka binti Thaalaba, ni mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume Muhammad (s.a.w.). Alikuwa mjakazi wa Abdallah bin Abdul-Muttalib. Abdallah alipofariki, mwanawe akiwa bado tumboni, mirathi aliyoiacha ilikuwa ndogo: mwanahistoria Ibn Saad anataja ngamia watano, kondoo kadhaa, na Baraka. Binti huyo aliyehesabiwa pamoja na mifugo ndiye aliyekuja kumfaa yatima yule kuliko mali nyingine yoyote ya baba yake.

Mtume alipokuwa na umri wa miaka 6 hivi, mama yake Amina alimpeleka Yathrib, yaani Madina, kuwazuru jamaa, na Baraka akafuatana nao. Njiani wakati wa kurudi, Amina akaugua, akafia Abwaa na kuzikwa huko huko. Baraka akabaki nyikani na mtoto aliyekwisha kufiwa na wazazi wote wawili, akamrejesha Makka na kumkabidhi kwa babu yake. Malezi hayakuishia hapo, kwani aliendelea kuwa naye mpaka akawa kijana. Mtume alipomuoa Bibi Khadija akamwacha Baraka huru. Imepokewa kwamba alikuwa akimwita mama yake baada ya mama yake.

Baraka naye akawa mama. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa na Ubaid bin Zaid wa kabila la Khazraj, akamzaa Ayman, na ndipo akaitwa Umm Ayman. Baadaye aliolewa na Zaid bin Haritha, wakamzaa Usama. Nyumba hiyo haikuwa ya raha tupu. Katika mwaka wa 8 Hijria peke yake, Zaid aliuawa vitani Muta na Ayman akafa shahidi katika vita vya Hunain. Mwanamke aliyezoea kuwafariji wengine alifiwa na mume na mtoto ndani ya miezi michache. Usama ndiye aliyebaki, na Mtume akampa uongozi wa jeshi la kwenda Sham angali kijana ambaye hajatimiza miaka 20, au ndiyo kwanza ameifikia, huku baadhi ya wazee wakinung'unika.

Kazi ya kuuguza aliifanya pia nje ya nyumba. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba viriba vya maji na kutibu majeruhi. Mtume mwenyewe alikuwa na miaka 55 hivi, kwa hiyo mlezi wake alikuwa bibi mtu mzima, si msichana wa kukimbia na kiriba begani. Al-Waqidi anasimulia kwamba alipowaona wanaume wanakimbia aliwatupia mchanga usoni, akawaambia wachukue pia ya kusokotea nyuzi na kumwachia yeye upanga. Ibn Saad anaongeza kwamba alihudhuria vita vya Khaibar vilevile. Hakuwa peke yake katika kazi hii. Rubayyi binti Muawwidh na Umm Atiyya wamesimulia wenyewe, katika hadithi sahihi, jinsi walivyowahudumia wapiganaji na kuwatibu waliojeruhiwa, na Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema katika msikiti wa Madina ambamo aliuguzwa Saad bin Muadh baada ya vita vya Handaki. Muuguzi wa Kiislamu anayekesha wodini, akisafisha kidonda cha mtu asiyemjua na kuwahi rakaa zake kati ya mgonjwa na mgonjwa, anafuata njia iliyokwisha kupitiwa na maswahaba. Kinachobaki juu yake ni nia.

Wema wa Umm Ayman haukumfanya mpole wa kila jambo, na masimulizi ya sahaba Anas bin Malik yanamwonyesha alivyo. Siku moja Mtume alimtembelea, naye akamletea chombo cha kinywaji. Mtume hakukinywa, huenda kwa sababu alikuwa amefunga. Umm Ayman akapandisha sauti na kumgombeza, kama mama anavyomgombeza mwanawe anayekataa chakula, wala Mtume hakuchukizwa. Kisa cha pili kinahusu mitende. Watu wa Madina walikuwa wamempa Mtume mitende ya kutumia, naye akampa Umm Ayman ile iliyotoka kwa mama yake Anas. Baada ya Khaibar, Muhajirina, yaani Waislamu waliohamia kutoka Makka, waliporudisha amana za namna hiyo, Anas alikwenda kuidai. Umm Ayman akamtia nguo shingoni, akaapa kwamba mitende haitoki. Mtume hakumwamuru kwa ukali, bali alimwahidi badala yake, akazidisha, akazidisha tena, mpaka ilipofika mara kumi au karibu na hapo, ndipo bibi akaridhika. Mwenye mzee nyumbani anayeshikilia kitu chake, na ambaye hoja hazimwingii, ana fundisho kubwa katika subira hiyo.

Mtume alipofariki mwaka wa 11 Hijria, Abubakar alimwambia Umar waende wakamzuru Umm Ayman kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Dola ilikuwa changa na mambo yalikuwa mengi, lakini ziara ya bibi huyo haikuahirishwa. Walipofika, akalia. Wakamuuliza kama hajui kuwa yaliyoko kwa Mwenyezi Mungu ni bora kwa Mtume. Akajibu kwamba hilo analijua, ila analia kwa kuwa wahyi kutoka mbinguni umekatika. Wakalia pamoja naye. Kuhusu kufariki kwake kauli ni mbili: Az-Zuhri anasema aliishi miezi mitano tu baada ya Mtume, na Al-Waqidi anasema alifika mwanzo wa ukhalifa wa Uthman.

Heshima yake haikuzikwa naye. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Ibn Umar, mwana wa Umar huyo, alimwona mtu msikitini hatimizi rukuu wala sijda, akamwamuru arudie sala yake. Alipoondoka, Ibn Umar akauliza ni nani. Akaambiwa ni Hajjaj, mtoto wa Ayman wa Umm Ayman. Hapo akasema kwamba Mtume angalimwona angalimpenda, akataja mapenzi ya Mtume kwa watoto wa Umm Ayman. Siku nyingine alimwona mtu anaburuta nguo msikitini. Alipoambiwa ni Muhammad bin Usama, akainamisha kichwa, akasema maneno kama yale. Wajukuu wawili hawa hawakupendwa kwa ucha Mungu wao, maana mmoja aliswali ovyo na wa pili aliburuta nguo. Walipendwa kwa mikono ya bibi yao. Wala mapenzi hayakufuta nasaha, kwani sala iliamriwa irudiwe.

Ibn Umar huyo huyo, akiwa njiani kwenda Makka, alimpa bedui punda wake na kilemba kilichokuwa kichwani mwake. Wenzake wakashangaa, wakaona mtu wa jangwani angaliridhika na kidogo. Akawaeleza kwamba baba wa mtu huyo alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba Mtume amefundisha kuwa katika wema bora kabisa ni mtu kuwaunga waliopendwa na baba yake. Kwa kawaida mama akifariki watu hujaa, hitima husomwa, sinia za pilau hupita, majamvi hukunjwa, kisha shoga yake wa miaka yote hapigiwi hodi tena. Hapo ndipo watoto wengi hupungukiwa, na jambo lenyewe halina gharama hata ya punda.

Kuna pia yanayomfuata marehemu mwenyewe: madeni yake yalipwe, wasia wake utekelezwe, na aombewe dua. Saad bin Ubada alifiwa na mama yake yeye hayupo. Aliporudi akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa, naye akamjibu kwamba itamfaa. Saad akatoa shamba lake lililoitwa Mikhraf kwa ajili ya mama yake. Katika mapokezi mengine aliuliza sadaka ipi ni bora, akaambiwa maji, akachimba kisima. Jamaa wa muuguzi aliyefariki wanaweza kuweka tangi la maji kwenye zahanati aliyokuwa akifanya kazi, au kumlipia ada binti anayesomea uuguzi.