Usiuze Tanga

Kuna maswali ya falsafa ambayo mtu hahitaji kwenda chuo kikuu ili akutane nayo. Yanakuja yenyewe, yananuka dizeli. Mojawapo ni hili: chombo kikiwa kizima lakini injini yake imechoka, tuifufue au tuiache tununue nyingine? Utasema, aah, hilo ni swali la fundi na mwenye pesa, falsafa inaingiaje hapo? Subiri kidogo, ndugu msomaji. Ukilifungua swali hili kama fundi anavyofungua silinda hedi, utakuta ndani yake jambo linalotuhusu sote: nani ana haki ya kuamua juu ya hatari itakayomkuta mwingine?

Tuanze na mbao, maana mbao ni rahisi. Kule Mafia, hasa Jibondo na Chole, mafundi wameunda mashua na majahazi vizazi kwa vizazi bila mchoro wa karatasi. Jicho na mkono vinatosha. Ubao ukioza unang'olewa, unatiwa mwingine, kalfati inapigwa upya, chombo kinarudi majini. Miaka ikipita unaweza ukakosa hata ubao mmoja uliokuwepo siku kiliposhushwa pwani. Mgiriki Plutarch aliandika habari za merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kubadilisha mbao zake, hata wanafalsafa wakagombana: ni ileile au ni nyingine? Karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaja kukoroga zaidi: je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu zote akaziunga tena, merikebu ya kweli ni ipi?

Mimi nadhani pwani yetu imelijibu swali hilo bila kelele. Chombo ni kilekile maadamu kina jina lake na kazi yake, na watu bado wanakitegemea. Basi kwa nini injini inatusumbua akili kuliko ubao?

Kwa sababu ubao ni mkweli. Unaugonga, unausikiliza, unauchoma kwa ncha ya kisu, unajua. Injini ni msiri. Ikitoa moshi wa bluu, inaunguza oili. Moshi mweusi, dizeli haiungui yote. Mweupe, labda dizeli inapita bila kuungua, labda maji yameingia. Labda, labda! Ufa wa bloku au krenki shafti iliyolika huvioni mpaka mashine imefunguliwa vipande vipande, na hapo umeshatumia pesa, na pesa iliyokwisha kutumika ina tabia ya kutuvuta tuendelee kutumia.

Nimeyaona haya karibu. Mjomba wangu ana mashua inayobeba nazi na mizigo kati ya Kilindoni na Nyamisati, kule bara upande wa delta ya Rufiji. Abiria nao hupanda. Injini ilipoanza kula oili na kuchelewa kuwaka, ukoo uligawanyika mapande mawili. Binamu yangu anayeishi Dar akasema, "Baba, hii mashine ni marehemu. Twende Gerezani tukachukue nyingine, tuachane na mambo ya kuhangaikia ringi kila mwezi." Mjomba akamjibu taratibu, "Mwanangu, mashine hii ndiyo iliyokusomesha. Mtu akiugua hupelekwa kwa mganga, hapelekwi kaburini." Kikao kikacheka, kisha wote wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa ninaandika andika, nitakuwa na neno.

Hoja zote mbili zilikuwa tamu, na zote mbili zililikwepa swali. Tuitazame ya mjomba kwanza. Shukrani ni jambo jema, lakini chuma hakishukuriwi kwa kuwekewa roho za watu juu yake. Unayempenda mgonjwa unakubali apimwe. Ukiogopa kipimo, unachokipenda ni kumbukumbu zako mwenyewe.

Na ya binamu? Hiyo "nyingine" anayoisema mara nyingi nayo imetumika, imekuja na meli kutoka nchi za watu. Kasoro za ile ya zamani unazijua. Za hii hazijui mtu. Halafu lazima ikae sawasawa kwenye kitanda chake, ilingane na shafti na propela. Ikikaa upande itatikisa mbao usiku na mchana mpaka kalfati ilegee. Na kama ni ya kisasa yenye vifaa vya elektroniki, siku ikigoma fundi wa Kilindoni mwenye spana zake atafanya nini? Ataitazama tu.

Tena injini nzima si salama yote. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, injini zake zilikuwa zimeshughulikiwa miezi michache tu kabla. Zaidi ya watu 220 walikufa. Kivuko kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi.

Kwa hiyo nilisema hivi pale kikaoni, na nalisema tena hapa. Kuna maswali matatu. La kwanza: imepimwa? Ifunguliwe, kompresheni ipimwe, krenki ipimwe, bloku ichunguzwe. Ikiwa na ufa, mjadala umekwisha, tununue. La pili: fundi na spea wako karibu kiasi gani? La tatu ndilo kubwa: ikizima katikati ya maji, sisi tunafanya nini?

Hapo ndipo linapokuja tanga. Mashua yenye mlingoti imara, foromali, tanga zima na mabaharia wanaojua kulipandisha, ina neno la pili la kusema. Kusi ikivuma au kaskazi, kuna njia ya kurudi nyumbani. Lakini wako waliolitoa tanga ili wapate nafasi ya magunia, kisha wanaendelea kuibahatisha injini chakavu. Huyo ameweka rehani roho za watu wote kwa ringi moja ya pistoni. Nasema wazi: aliyeuza tanga hana ruhusa ya kubahatisha injini.

Wapo watakaosema, "Kwani abiria amelazimishwa? Si amepanda kwa miguu yake?" Hebu tuwe wakweli. Mama aliyesimama Nyamisati na mtoto mgongoni, jua linazama, anajua nini kuhusu bering zako? Ridhaa ya mtu asiyejua kitu ni karatasi isiyoandikwa, kila mwenye kalamu anaijaza apendavyo. Na mabaharia je, ambao wanajua yote ila wanaogopa kukosa kazi? Hao nao waulizwe, tena waulizwe kabla ya mwenye mali.

Basi fundi akaifungua. Bloku nzima, krenki bado inachongeka. Ikafufuliwa, lakini kwa masharti ambayo mjomba aliyakubali kwa kununa: safari za mwanzo zisiwe na abiria, zipite karibu na pwani, tanga likae tayari. Binamu naye alinuna. Nadhani uamuzi wa haki mara nyingine huwanunisha wote wawili.

Vijana wenzangu, sisi wa mjini tumezoea mambo mawili: kutupa haraka ili tuonekane wa kisasa, au kung'ang'ania cha zamani ili tuonekane tuna mila. Yote mawili ni kujitazama kwenye kioo. Kabla hujasema "fufua" au "tupa", iwe ni mashine, nyumba au hata chama, tazama walioketi kikaoni, kisha jiulize ni nani atakayekuwa ndani ya chombo na hakuitwa.